Kiti cha Mwisho

Mzee Elikana alikuwa amepanga viti sebuleni tangu saa saba mchana, maana Alhamisi hii jumuiya ilikuwa isali kwake. Chai ilishatiwa kwenye chupa.

Hodi ilipobishwa, aliingia Mama Tumsifu, katibu wa jumuiya, na wanawake wawili nyuma yake.

"Shikamoo, baba. Tumekuja kuazima viti. Tunasali hapo kwa fundi Yoeli."

"Marahaba. Si zamu yangu leo?"

Mama Tumsifu akacheka kwa haya. "Tumeiruka, baba, kama mwaka jana. Mtu anayeandika vitabu vya Mungu tumpigie kelele nyumbani? Na leo tunasoma kitabu chako, ile sura ya upweke."

Mzee akawasaidia kutoa viti mpaka nje. Walimwachia kimoja tu, kile anachokalia akiandika.

Haukupita muda, sauti ya Mama Tumsifu ikavuka ua, ikisoma polepole: "Jirani anayeishi peke yake, usiishie kumwombea. Mgongee mlango."

"Amina!" wakaitikia wote.

Mzee Elikana akajitwika kile kiti kichwani, akachukua na chupa ya chai, akatoka. Alipofika kwa fundi Yoeli alikuta mlango umerudishwa. Akainua mkono agonge, lakini ndani walikuwa wameshaanza kumwombea mwandishi, wakimtaja kwa jina, na sala haikatizwi. Akasimama pale barazani, kiti kichwani, akingoja wamalize.