Mizizi ya Nyuma ya Nyumba

Kila baridi inapoisha, kabla miti haijaota majani, maua meupe yenye petali nne hujaa kwenye mteremko nyuma ya nyumba. Mimi na mume wangu, Verlin, huchimba mizizi yake na kuitafuna kwa chumvi. Inawasha kuliko haradali. Anayetoa machozi kwanza ndiye anayeosha vyombo, na Verlin hajawahi kunishinda.

Safari hii alitafuna taratibu, kama anayekula mkate. Juzi alikunywa maziwa yaliyoharibika bila kugundua, nami nikacheka tu.

“Bibie, umechimba nini? Hii mizizi haina hata ukali!”

Nikakiuma kipande alichobakiza. Moto ukanipanda hadi puani.

Alikuwa akinitazama, anasubiri.

Nikayakaza macho, machozi yasinitoke.

“Kweli,” nikasema. “Haina kitu.”