Zulia la Bibi Mahin

Hema ndilo lililotupwa kwanza. Wout aliliegemeza ukutani pale kituo cha basi cha Zahedan, mashariki ya Iran, akafuatisha sufuria, kisha blanketi la Jorne. Zulia likabaki. Lilikuwa refu kama maiti, na zito vivyo hivyo.

"Sasa tutalala wapi?" Jorne akauliza.

"Wenyeji wanalala wapi? Chini."

Walikuwa marafiki tangu utotoni, vijana wa Wielsbeke, kijimji cha Ubelgiji, na walikuwa wameapa kufika Vietnam kwa mabasi, magarimoshi na lifti za watu, bila kupanda ndege hata moja. Wout hakupenda kuitwa mtalii. Mtalii, alisema, huja kutazama. Yeye amekuja kuishi. Kwa hiyo alibishana na wajane bei ya nyanya, na kila alipokaribishwa alikula mpaka sahani ikang'aa.

Lakini sasa mifuko ilikuwa imekauka. Ikiisha kabisa, Wout angerudi kwao amefyata mkia, akaingie kiwandani pamoja na baba yake, aliyemwekea nafasi. Mzee alimwambia wazi siku ya kuagana kwamba hata India hatafika, na buti zake za kazi zinamngoja nyuma ya mlango. Buti hizo zilimnyima Wout usingizi kuliko baridi yote ya njiani. Tegemeo lake lote likawa zulia.

Walikuwa wamelipata Yazd, katikati ya Iran, kwa Bibi Mahin, mjane aliyewakuta wamekaa juu ya mizigo yao barabarani akawaonea huruma. Aliwalaza, akawapikia wali wa zafarani kila siku, na siku za kukaa walijipangia wao. Zulia lilitandikwa chumba cha wageni, jekundu la kukolea. Bibi Mahin alikuwa amelishonea kitambaa kizito upande wa chini lisije likalika na sakafu. Mjukuu wake, binti aliyejua Kiingereza, aliwaeleza kwamba limetoka mbali sana, mjomba wake ndiye aliyemletea bibi, na majirani huja kulitazama tu.

"Umesikia? Mbali," Wout alimnong'oneza Jorne. "Milimani huko, kwa wachungaji. Wanawake wanafuma mpaka macho yanakufa. Na mimi zulia hunifundishi. Nimekulia kwenye vumbi la mazulia ya mashine. La mkono nalijua hata nikifumba macho."

Akalisifu mbele ya mwenyewe. Bibi Mahin, kama mtu yeyote wa kule aliyelelewa vizuri, akaweka mkono kifuani, akasema ni lako, lichukue. Na mgeni aliyelelewa vizuri hujibu kwamba limependeza hapo hapo lilipo, maneno yakaisha, chai ikanyweka. Jorne alikwisha kulijua hilo, maana huko Tabriz alimwona muuza mkate akikataa pesa kwa maneno matamu na kuipokea aliposihiwa. Akamkanyaga mwenzake mguu.

Wout akasema asante.

Mjukuu alifungua mdomo. Bibi akamnyamazisha kwa jicho. Kisha Bibi Mahin akapiga magoti, akalikunja zulia mwenyewe, taratibu, akipangusa vumbi lisilokuwepo, akalifunga kamba. Akawatilia na njugu za pistachio za njiani. Wahenga waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakuwahi kumkaribisha Wout.

"Alitaka ukatae," Jorne alisema walipokwisha kukunja kona.

"Mtu akitoa nimkatalie? Hayo ndiyo matusi. Soma watu, ndugu yangu, acha kusoma vitabu."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Jorne ndiye aliyelibeba zaidi, na kila alipoguna Wout alimwambia si zito, hajalizoea tu. Walivuka mpaka wa Pakistan na jangwa la Baluchistan huku askari wa kuwasindikiza wakilitazama kama kitu kitakacholipuka. Wakalala kwenye sakafu za vituo, meno yakigongana, zulia katikati yao, wala hawakuthubutu kulitandika lisije likachafuka. Walipofika Quetta, Jorne alikuwa na kikohozi cha kumpinda mgongo. Wout alimfariji: likishauzwa Lahore, Vietnam watafika na chenji itabaki. Kutoka huko atampelekea mzee picha ya bahari, bila neno hata moja. Mzee atajua mwenyewe la kufanya na buti zake.

Lahore walimpata Haji Rafaqat, muuza mazulia mwenye ndevu nyekundu za hina. Aliwapa chai ya maziwa kwanza. Kisha akalikunjua zulia, akalipapasa, akazipitisha nyuzi kati ya vidole. Akamtazama Wout kwa muda.

"Mwanangu, kwenu wapi?"

"Ubelgiji."

"Na hili umelitoa wapi?"

"Yazd. Kazi ya mkono," Wout akasema. "Na usinipe bei ya watalii, Haji. Mimi hizi kazi nazijua."

Haji hakubisha. Alichukua mkasi mdogo, akafumua ule mshono wa Bibi Mahin pembeni, mshono mmoja mmoja, kama mtu anayemfungua mgonjwa bendeji. Akakifunua kitambaa. Akamsogezea kijana asome mwenyewe, maana maandishi madogo, alisema, siku hizi yanamshinda.

Chini yake, mgongoni mwa zulia, kulikuwa na kijitambaa cheupe kilichoshonewa kiwandani. Kiliandikwa Wielsbeke. Chini ya jina hilo mkaguzi alikuwa ametia saini kwa wino usiofutika, na Wout hakuhitaji kuisoma: aliizoea tangu shule ya msingi, chini ya kila ripoti aliyopeleka nyumbani ikatiwe saini.