Boti Inayonukia Maandazi

"Kaanga, mama, kaanga! Jamaa huyo anakuja!"

Kombo alisema bila kugeuka, macho kayakodolea njia inayoshuka mwaloni Kitangiri, maboti ya ziwani yanapotia nanga. Mkewe, Rahma, alikuwa nyuma ya boti, kando ya mashine, ameinamia jiko la mkaa. Huko juu Bwana Ezekieli, mkaguzi wa mradi wa moshi, alikuwa anashuka na mkoba kwapani. Leo haikuwa siku yake ya kuja, na hapo ndipo balaa lilipo.

Mradi wenyewe uliletwa na wafadhili, miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa ruksa. Walisema moshi wa dizeli wa maboti unaharibu hali ya hewa ya dunia, eti hata huu wa Kitangiri! Basi mwenye boti akikubali kutumia mafuta ya alizeti, anapewa mashine bure na mafuta bure kila wiki. Akikutwa na dizeli, mashine inang'olewa siku hiyo hiyo. Kombo, ambaye makasia yalikuwa yamemmaliza mabega, aliitikia kabla mkalimani hajafunga mdomo.

Lakini mafuta ya kula uyamimine kwenye mashine? Astaghafirullah! Alizeti alimuuzia Mosi, mwenye duka pale mwaloni, na kwa Mosi huyo huyo akanunua dizeli. Tena kwa bei ya kutupa, mpaka Kombo akawa anamcheka nyumbani. "Yule biashara haijui kabisa. Soko huria litamtoa roho."

Kipimo cha moshi kilikuwa kimekwama forodhani Dar es Salaam, kwa hiyo Bwana Ezekieli alipima kwa pua. Moshi ukinukia alizeti, umepita. Ndiyo maana Rahma alikaanga maandazi kando ya mashine kila safari. Abiria walinunua, harufu ikatanda ziwani, na moshi wa mkaa haukumhusu mtu. Siku hizi mashine ilikuwa inakohoa kidogo, lakini nani asiyekohoa?

"Karibu, bwana mkubwa," Kombo alisema. "Subiri kwanza upate andazi la moto."

"Nimeshiba. Washa mashine."

"Imepoa, bwana, itakusumbua bure..."

"Kombo. Washa."

Akawasha. Tayari alijiona kwenye makasia mpaka uzeeni. Moshi ukapanda, na mara harufu ya maandazi ikamfikia hata yeye mwenyewe. Alhamdulillahi, Rahma amewahi!

Bwana Ezekieli alifumba macho, akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyeingia jikoni kwa mama yake.

"Alizeti tupu," akasema. "Ziwa hili zima, mwaminifu ni wewe peke yako. Kuanzia leo mashine ni mali yako."

Kombo nusura alie kwa furaha. Akageuka kumshukuru mkewe.

Rahma alikuwa bado amechuchumaa mbele ya jiko, karai baridi, donge la unga mkononi.

"Nisamehe, Baba Kauthar," akanong'ona, machozi yakimlenga. "Kiberiti kimelowa. Sijawasha kabisa."

Kule mlangoni kwa duka lake, Mosi aliwapungia mkono, miguuni pake dumu jingine la ile "dizeli" yake ya bei ya kutupa, likinukia alizeti.