Hondohondo Aliyeacha Kuruka

Kila alfajiri ndege Hondohondo aliuzunguka msitu mara tatu, kisha akatua na kuwapasha wanyama habari. Hakutangaza asichokiona.

Wasikilizaji wakaanza kupungua. Walihamia kwa Kasuku, ambaye kwake kila mmoja aliruhusiwa kusema. Hondohondo akaogopa kubaki peke yake, akawaita: "Rudini. Tangu leo, nikisema mimi, nanyi mtasema."

Wakarudi wote, na maneno yao yakawa mengi mno. Kuyasikiliza tu kulimmalizia asubuhi nzima, basi akaacha kuruka.

Siku moja alifika Kobe, mpole asiyejua kumkatiza mtu. Gamba lake lilikuwa limeungua upande mmoja.

"Mzee Hondohondo, bondeni kunawaka moto."

"Subiri zamu yako, ndugu yangu."

Kobe akasubiri. Zamu yake ilipofika akasema tena, na Ngiri akacheka. "Tangu lini Kobe akamtangulia mtu kwa habari?" Tumbili akasema yeye hasikii harufu yoyote. Wengine wakamuunga mkono.

"Na wewe, mzee, umetazama?" Kobe akauliza.

Hondohondo akainamisha mdomo wake mkubwa. "Wengi wanasema hakuna moto," akajibu, na hiyo ndiyo ikawa habari ya siku ile.

Jioni upepo uligeuka. Hondohondo akaruka, mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Aliuzunguka msitu mara tatu na kuona kila kitu kwa usahihi, kama alivyoona zamani. Kisha akashuka kutangaza. Hakukuwa na mti wa kutua, wala msikilizaji.