Kipepeo wa Manjano

Viti vya pweza, viumbe vya baharini vyenye umbo la nyota na miiba, vilikula matumbawe, na samaki wakauhama mwamba. Mwanzoni wanawake wa kijiji walivikatakata na kuvirudisha majini, vikazidi, kwani kila kipande kilikua kikawa kizima. Sasa huvizika mchangani. Leo, maji yalipokupwa, Mize aliuinua mtego wake wa dema, uliokaa mtupu miaka miwili. Ndani alikuwa akitapatapa samaki mmoja wa manjano, wale waitwao kipepeo.

“Nipe nikamkaange,” alisema wifi yake, Siwatu. “Watoto wamechoka na mchicha.”

“Kipepeo hula matumbawe hai, wifi. Huyu ametoka mahali yalipobaki.”

Mize aliuzamisha mtego, akafungua mlango. Samaki alisita, kisha akachomoka kuelekea mkondoni.

Siwatu ndiye aliyetangulia kukunja kanga na kumfuata samaki, aone anakokwenda.