Televisheni Mbovu ya Mama

"Shh! Imelala," Mama akanong'ona, akiifunika saa ya ukutani kwa kitambaa. "Inakimbia tangu alfajiri, baba. Nayo inachoka."

Mwanawe akauma midomo asicheke. Kichwani tayari alikuwa anaandika.

Yeye ndiye mtunzi wa kichekesho cha televisheni cha kila Alhamisi, kile chenye Bibi Kituko, anayewaitikia wasoma habari salamu zao na kupiga hodi kabla ya kufungua friji. "Huyo bibi ni mama yetu kabisa!" watu husema, wameshika mbavu. Kumbe ni mama wa mtu mmoja.

Zamani kazi haikumruhusu kuja; mwaka ungekatika Mama hajamwona. Siku hizi hakosi Jumamosi. Anakula, anavuna, anaondoka.

Lo, mtoto kumwuza mama yake mzazi! Nafsi ilimsuta mpaka usingizi ukampaa. Faraja yake ilikuwa moja tu: televisheni ya Mama iliharibika mara kichekesho kilipoanza, hata sauti haitoi. Aliahidi kumletea fundi. Fundi hakuja, na mwana alijua kwa nini.

Alhamisi, saa iliyolala ikarushwa hewani. Kesho yake asubuhi alimkuta muuza duka kaifunika saa yake kwa taulo, wateja hoi kwa vicheko.

"Ila yule bibi," mmoja akasema akipangusa machozi, "akili zimeshamruka, maskini."

Maneno yakamchoma kama pasi. Akaacha mkate kaunta, akatoka. Basi, imetosha! Angekwenda sasa hivi kumwangukia Mama miguuni, amwambie yote. Kazi ikiota mbawa, na iote. Bibi Kituko angekufa wiki ijayo.

Hakupiga simu. Alifika uani akitweta, akainua mkono abishe hodi, mkono ukaganda hewani. Ndani televisheni ilikuwa inaongea, sauti safi kabisa. Marudio ya jana.

"Haya, tazama, saa yangu hiyo!" Mama alikuwa akicheka. "Wameifunika vibaya lakini."

"Na wewe nawe," ilikuwa sauti ya jirani yake wa miaka yote. "Mtu mzima, akili zako timamu, unakubali vipi kuchekwa na dunia nzima?"

"Wacheke tu."

"Mwambie basi mwanao kwamba unajua."

"Thubutu! Nikimwambia ataona haya, ataacha." Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Kile kituko cha kumwitikia msoma habari kilikuwa changu kweli, kilinitoka tu. Hivi vingine nakesha navitafuta. Kesho ndiyo Jumamosi, jirani, na sina hata kimoja. Hebu nisaidie kufikiri. Vikiniishia, haji tena."