Bodi Kwenye Kamba

Zaituni aliganda mlangoni, mtoto mgongoni. Kwenye kamba ya nguo, kati ya nepi mbili, bodi ya kompyuta yake ya kwanza ya gemu ilikuwa imebanwa kwa vibanio, ikidondosha maji ya sabuni.

"Mtumba hautumiwi bila kufuliwa, mwanangu," alisema mama mkwe. "Utatuletea upele. Hata huu mfereji mtupu nimeupitishia mswaki."

Mfereji huo, tundu refu la kuchomekea kadi, Zaituni aliuacha wazi kwa ajili ya kadi ya picha za gemu, siku Mungu akijalia. Mwaka mzima aliokoteza vifaa kimoja kimoja, na leo ndiyo ilikuwa siku ya kuiwasha kompyuta yenyewe.

"Ahsante, mama," alisema.

Upepo ukapita uani. Juu ya bodi, feni ndogo ikaanza kuzunguka.